Jirani wa Ukuta

Kitendawili! Usinitazame hivyo, sema tega. Haya sasa: mapacha wamezaliwa mgongo kwa mgongo, mmoja akikaanga vitunguu, mwenzake anapiga chafya, mmoja akigombana na mumewe, mwenzake anajua mwenye kosa ni nani, wala hawajapata kutazamana. Umeshindwa? Basi nipe mji. Kilwa? Kilwa mbali, tena njia mbovu, nitafika nimechakaa. Nipe Mtoni, hapa hapa Temeke. Haya, nimekwenda Mtoni, nimekula nikashiba, nimerudi na jibu lako: mapacha hao ni nyumba mbili zenye ukuta mmoja. Na huko huko Mtoni ndiko lilikotokea jambo la Apolonia na kota ya Mzee Mwishehe.

Apolonia alikuwa mtu wa Bukoba, wa Kamachumu, mama wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini na uso usiojua kuficha kitu. Miaka mingi alikuwa karani wa masjala serikalini. Ikaja ile miaka ya tisini, miaka ya kupunguzwa. Mtu alikwenda kazini asubuhi, akarudi mchana hana kazi, ana kiinua mgongo. Na kiinua mgongo ni kitu cha ajabu: wewe mwenyewe hukijui mpaka siku unayopewa, lakini ukishapewa, kila mtu anakijua. Wenzake wa masjala walikuwa wameshakimaliza chao. Mmoja alinunua gari la abiria likaingia gereji, na huko gereji ndiko likageuka banda la kuku. Mwingine alifungua duka la soda katika mtaa ambao kila nyumba ina duka la soda. Apolonia akaapa kuwa chake kitakuwa nyumba, kitu ambacho shemeji akija hawezi kukiomba nusu.

Wakati huo alikuwa akiishi Mbagala na mumewe Gaudens na watoto wao, katika vyumba vya kupanga. Gaudens alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha Chang'ombe. Kiwanda chenyewe kilikuwa cha serikali, kikapata mwenyewe mpya, na mwenyewe huyo hakutaka kusikia habari ya mtu aliyechelewa kwa sababu anakaa mbali. Gaudens alikuwa akitoka nyumbani watoto wamelala na kurudi watoto wamelala. Yule mdogo alianza kumwita mjomba.

Ndipo Apolonia akaziona zile kota.

Zilikuwa safu moja, zimepangwa kama meno, ukuta kwa ukuta, na bati lao moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Zamani zilijengwa na kampuni moja ya kupakia mizigo kwa ajili ya makarani wake. Kampuni ilipovunjwa, waliokuwamo wakauziwa. Kila kota ina sebule, vyumba viwili, na uani wenye jiko na choo. Si kubwa, lakini imara, za saruji ya enzi zile. Upande mmoja ni Kurasini na maghala ya bandari, upande wa pili ni viwanda vya Chang'ombe, na katikati, mbele ya mlango kabisa, ndiyo njia ya watu wote hao kwenda na kurudi.

Siku alipompeleka Gaudens kuitazama ile inayouzwa, Apolonia alisimama kizingitini saa ya chakula cha mchana, akamvuta mumewe mkono.

"Unaona nini pale?"

"Wafanyakazi," alisema Gaudens.

"Mie naona masufuria. Wote wale wana njaa, Baba Jovita, na hakuna anayewapikia ila yule mama wa kule darajani, ambaye maharage yake hayaivi. Mie nitapika hapa, wewe utakwenda kazini kwa miguu, na mtoto atakujua kuwa ni baba yake."

Gaudens alikuwa mtu wa maneno machache. Alipapasa ukuta, akaugonga, akautegea sikio. "Kinyerezi kwa hela hii tunapata eneo zima," alisema. "Tunapanda migomba."

"Na kazini utafikaje kutoka Kinyerezi? Utatoka leo ufike kesho."

Gaudens akaugonga ukuta tena, na Apolonia akajua ameshinda, angalau siku ile.

Mwenye kota, Mzee Mwishehe, alikuwa Mzaramo, mfupi, mchangamfu, kofia yake ya kufumwa haijapata kukaa sawa kichwani. Mkewe, Mwanakombo, alikuwa amefariki, watoto wameoa na kuolewa, naye alitaka kurudi kwenye mikorosho yake kule Kisiju. Bei walielewana upesi, kwa sababu mzee hakuwa mtu wa kupandisha na Apolonia hakuwa mtu wa kulia. Wakapeana mikono. Apolonia akaanza kupanga kichwani mahali pa kuweka kabati.

"Bei tumemaliza," alisema Mzee Mwishehe. "Sasa limebaki neno moja, na hilo si langu."

"La nani, baba?"

"La ukuta."

Apolonia alidhani anataniwa. Mzee akamweleza taratibu. Kwa Waislamu wa pwani, mtu hauzi nyumba kama anauza mbuzi. Jirani mnayeshirikiana naye ukuta ana haki ya kuulizwa kwanza. Akisema anaitaka, basi ni yake kwa bei ile ile mliyoelewana. Akisema anaiachia, ndipo mwingine anunue kwa amani. "Sisi wazee tunaiita shufaa. Ukuta wa upande huu ni wa barabarani, hauna mtu. Ukuta wa upande ule ni wa Bi Mwajabu. Twende tukamuulize, halafu wewe ukaniletee mashahidi wako."

"Na akisema anaitaka?"

"Mwanangu, yule hana hela ya kununua komeo la mlango. Ni desturi tu. Dakika moja."

Wakampitia mjumbe wa mtaa, Mwinjuma, ili jibu liwe na shahidi, wakaenda. Bi Mwajabu alikuwa kibarazani kwake anasuka ukili wa mkeka, mwanamke wa umri mkubwa, mwembamba, khanga ya juu kaifunga kichwani kwa haraka. Alimtazama Apolonia kutoka viatuni kwenda juu, kama anayetafuta mahali pa kumshonea kiraka.

"Shikamoo, mama," alisema Apolonia.

"Marahaba."

Mzee Mwishehe akakohoa, akainyoosha kofia yake, ikapinda upande wa pili. "Bi Mwajabu. Mbele ya mjumbe nakuuliza: nyumba yangu naiuza. Unaitaka, au unaiachia?"

Vidole vya Bi Mwajabu havikusimama. Ukili uliendelea kutoka, mweupe na mwekundu, ukishuka mapajani.

"Nimekusikia," alisema.

"Kusikia si jibu, Bi Mwajabu."

"Na jibu si maandazi, Mwishehe, kwamba lazima liwe tayari asubuhi."

Mjumbe Mwinjuma akaangalia chini asicheke. Wakaondoka vile vile walivyokuja.

Apolonia alirudi Mbagala anawaza. Kwao Kamachumu, mtu akisitasita juu yako, humwachi hivi hivi. Unakwenda kwake na mkono wenye kitu. Na kitu chenyewe kinajulikana: buni za kutafuna, zile zinazochemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikaanikwa zikakauka zikawa nyeusi. Mgeni akifika anapewa hizo kabla ya maji. Zamani walioapiana udugu waliapiana kwa hizo. Apolonia alikuwa na akiba yake, aliyoletewa na jamaa. Akachagua zile nzuri, akazifunga katika jani kavu la mgomba, akazungusha kamba ya mgomba, akapiga fundo dogo la kupendeza kama mama yake alivyomfundisha. Akaenda Mtoni.

Bi Mwajabu hakuwapo, alikwenda kwenye hitima. Apolonia akabisha, akangoja, akabisha tena. Kisha akaliweka lile furushi chini, katikati ya kizingiti, mahali ambapo mwenye nyumba hawezi kulikosa. Akarudi kwake moyo mweupe.

Wewe uliyelelewa pwani umeshashika kichwa, najua. Kitu kimefungwa jani kavu. Kimepigwa fundo. Ndani mna punje nyeusi zenye harufu ya porini. Kimetegwa kizingitini, mwenye nyumba hayupo. Na aliyekiweka hajulikani ila kwa kuonwa kwa mbali: mwanamke mrefu wa bara, anaitaka nyumba ya pili.

Alipokwenda tena, kota zote zilikuwa kimya kama msiba. Watu walimjibu salamu huku wakiingia ndani. Aliyebaki nje ni Farida tu, msichana wa kota ya katikati aliyekuwa akisuka nywele za watu barazani, ambaye hofu yake ilikuwa ndogo kuliko udaku wake.

"Sista, eti ni wewe uliyemtegea bibi dawa?"

"Dawa gani?"

"Usinambie hujui. Bibi kasoma Yasini, kamwaga maji ya chumvi toka mlangoni mpaka barabarani. Lile dude kaliondoa kwa upawa, akalitupa mtaroni, na upawa wenyewe akautupa. Upawa mzima, sista, wa kupakulia pilau!"

Apolonia alitaka kucheka, cheko likageuka njiani. Kwanza aliona aibu, halafu akaona hasira, halafu akaona kota inamponyoka kama samaki. Akaenda moja kwa moja mlangoni kwa Bi Mwajabu.

"Hodi!"

"Nani?"

"Apolonia."

"Karibu. Ishia hapo hapo."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba ya mbali."

"Mama, kile kitu kilikuwa kahawa."

"Kahawa naijua. Babu yangu alikuwa akiuza kahawa Kariakoo. Kahawa hukaa kwenye birika, haikai kizingitini."

"Kwetu tunaitafuna. Ni heshima, mama. Mgeni huja nayo."

"Anailaza mlangoni kama kafara?"

"Hapo nilikosea," alisema Apolonia. "Ningekungoja nikakupa mkononi. Nisamehe."

Akatoa mfukoni furushi la pili, akalifungua mbele ya watu, maana sasa watu walikuwa wamesharudi nje wote, hata waliokuwa hawana la kufanya nje. Akatia punje mdomoni, akatafuna.

"Meza," alisema Bi Mwajabu.

Akameza.

"Fungua mdomo."

Akafungua, mama mzima, karani wa masjala, kama mtoto kwa mganga wa meno. Farida akaangusha kitana kwa kucheka. "Bibi, mwangalie na chini ya ulimi! Hawa akina nshomile wasomi, watakuficha!"

"We Farida, kasuke." Bi Mwajabu alinyoosha mkono. Alichukua punje moja, akasema bismillahi, akaiuma. Uso wake ukakunjika kama khanga iliyokamuliwa. Lakini hakutema.

"Chungu kama fitina," alisema hatimaye. "Hiki ndicho mnachompa mgeni mnayempenda?"

"Ndicho, mama."

"Na msiyempenda mnampa nini?"

Hapo watu wakacheka wote, na kile kitu kizito kilichokuwa barazani kikaondoka. Bi Mwajabu akasogeza ukili wake, akampa nafasi ya kukaa. Na maadam wamekaa, akamuuliza, bila kuzunguka, kama watu wanavyoulizana wakishasameheana.

"Ule ukuta haukufika kwenye bati. Harufu inapita, mazungumzo yanapita. Nyie kiti moto mnapika?"

"Mume wangu hula baa na wenzake. Nyumbani kwangu nguruwe hajawahi kuingia, kwa sababu mie mwenyewe simpendi."

"Pombe?"

"Siuzi wala sipiki. Mkwe akija na rubisi yake anakunywa, analala, anaamka."

"Mkwe mlevi?"

"Mkwe mzee."

"Haya. Kuimba?"

"Jumapili asubuhi. Kidogo."

"Kidogo cha watu wa bara nakijua," alisema Bi Mwajabu, lakini si kwa ubaya.

Apolonia akaona mlango umefunguka, akauingia. "Basi mama, kuhusu ile nyumba..."

Vidole vikarudi kwenye ukili. "Mwishehe nilimsikia."

Na ikawa hivyo hivyo. Apolonia alipita kila alipopata nafasi. Alipokewa, alipewa kahawa ya kwenye birika, alicheka na Farida, aliulizwa hali ya watoto. Akiitaja nyumba, anaambiwa Mwishehe alisikiwa. Mzee Mwishehe naye hakutaka kumsukuma. "Haki ya mtu haiharakishwi," alisema. "Nikimharakisha, ni kama nimemnyang'anya."

Huku nyuma, dunia haikungoja. Akatokea mfanyabiashara mmoja, Mashaka, mwenye mabalo ya mitumba na suruali ya kukunjwa vizuri. Alitaka kota ile iwe ghala, avunje ukuta wa kati ya vyumba, apakie mabalo mpaka juu. Akampandishia bei Mzee Mwishehe palipale.

"Mzee, hizi ni zama za soko huria. Anayeleta ndiye anayepata. Mambo ya kuuliza vikongwe yamepitwa na wakati."

"Soko huria nimelisikia redioni," alisema Mzee Mwishehe. "Lakini huyo kikongwe nimeishi naye ukuta mmoja tangu ndevu zangu nyeusi, na redio nimeinunua juzi. Neno langu nimempa Apolonia. Bi Mwajabu akiachia, ni yake. Asipoachia, si yake wala si yako."

"Itakuwa ya nani, basi?"

"Ya panya. Nitafunga kufuli niende zangu shamba. Korosho zimeanza kudondoka, hazimngoji mtu."

Apolonia alikuwa amesimama hapo hapo. Alishukuru kwa sehemu ya kwanza, sehemu ya pili ikamrudisha nyumbani anahesabu siku. Kwani kule Mbagala kiinua mgongo kilikuwa kimeanza kuota miguu. Wilbert, mdogo wake Gaudens, alikuwa ameshuka kutoka Muleba na begi moja na wazo moja: biashara ya minofu ya sangara. Alilala sebuleni, na kila jioni wazo lilikuwa kubwa kuliko jana. Gaudens alikuwa ameanza kumsikiliza. Alikuwa amechoka, na watu wakichoka husikiliza.

"Jumapili nakwenda Kinyerezi na dalali," Gaudens alimwambia mkewe. "Kiwanja kipo. Mama yule hatasema, Apolonia. Tukikaa hivi, mpaka Krismasi hela yote itakuwa sangara wa Wilbert."

Siku iliyofuata Apolonia alimkuta Mzee Mwishehe anafunga vyombo vyake kwenye magunia, akamuuliza kile ambacho angepaswa kumuuliza tangu mwanzo.

"Baba, ulisema hana hela ya komeo. Kama hawezi kuinunua, mbona hasemi anaiachia?"

Mzee akaacha gunia. Aliangalia ukuta kabla ya kuongea, akashusha sauti, maana ukuta wenyewe ndio ule usiofika kwenye bati.

"Ana mtoto wa kiume, Anwar. Mmoja tu. Alizamia meli, unajua vijana wa hapa walivyokuwa wakizamia. Kabla hajaondoka, marehemu mke wangu alikuwaga anamtania Bi Mwajabu: sie tukirudi shamba, Anwar ataoa ahamie humu, tutoboe mlango kwenye ukuta, mwali apite kwako kuomba chumvi. Yalikuwa maneno ya uani, ya kupitishia mchana. Lakini mama yake aliyaweka. Anwar alisikika yuko Durban. Halafu hakusikika tena. Ni muda sasa." Akalivuta gunia tena. "Hapa kota nzima tunajua. Hakuna anayelitaja. Nami nikaenda nikamuuliza mbele ya mjumbe, unaitaka au unaiachia, kama mtu asiye na akili. Nilishalitoa, siwezi kulirudisha."

Apolonia akatoka, akazunguka nyumba, akabisha mlango wa pili.

Bi Mwajabu alikuwa uani, anachambua miyaa ya kusukia ukili. Apolonia akaketi chini kwenye jamvi, akachukua miyaa michache, akaanza kuichana. Aliichana vibaya. Bi Mwajabu akamnyang'anya moja, akamwonyesha, akamrudishia.

"Mama, nimekuja kukwambia kitu," alisema Apolonia. "Jumapili mume wangu anakwenda kutazama kiwanja Kinyerezi. Nyumba hii naitaka, sikufichi. Lakini sitaki useme neno lolote kwa ajili yangu. Ukitaka kukaa kimya, kaa. Mie sitakuwa na kinyongo."

"Mwishehe kakwambia."

"Kaniambia."

"Kinywa chake kama gunia lililotoboka." Akachana miyaa miwili, mitatu. "Mama yako yu hai?"

"Yu hai. Kamachumu."

"Umekwenda lini?"

Apolonia aliona haya. "Zamani. Kabla sijamzaa huyu wa mwisho."

"Kakuwekea nini huko?"

"Chumba. Kitanda changu cha usichana. Dada yangu bati lake liling'olewa na upepo, akarudi nyumbani na wanawe, wakawa wanabanana jikoni na moshi wote. Mama hakukitoa kile chumba. Kila akiombwa anasema kina mwenyewe. Mie sikujua. Nilipopata habari nikampa mtu anayekwenda kwetu salamu zake: mama, walaze watoto."

"Akawalaza?"

"Siku ile ile."

"Kwa hiyo alikuwa akingoja kinywa chako."

"Ndiyo, mama."

"Mie wangu kinywa chake sikipati," alisema Bi Mwajabu.

Walichana miyaa. Upande wa pili Mzee Mwishehe alisikika akihangaika na kitu kizito, akamtaja Mungu, akakiangusha.

"Na kama mama yako asingekupata," Bi Mwajabu alisema, hakuinua macho. "Kama salamu zingepotea njiani. Ungetaka afanye nini?"

Apolonia alifikiri. Alimwona mama yake katika ile nyumba ya Kamachumu, mlango wa chumba umefungwa, nje mvua.

"Ningetaka awe anasikia watu mle ndani," alisema.

Bi Mwajabu alifunga miyaa yake kitita, akakiweka pembeni. "Nenda, mwanangu. Una safari mpaka Mbagala."

Jumapili Gaudens alivaa viatu vyake vya kanisani. Baada ya misa walipitia Mtoni, kwa sababu Apolonia alisema hawezi kumwacha mzee aondoke bila kumuaga. Dalali wa Kinyerezi alikuwa nao, kijana mwenye haraka, akisimama kila hatua kuangalia saa yake. Mbele ya kota palikuwa na pikapu, imeshapakiwa kitanda, magunia, birika na ile redio. Mjumbe Mwinjuma alikuwa anasaidia kufunga kamba. Farida alikuwa amekaa barazani kwake anatazama, na mteja wake, nusu ya kichwa imesukwa na nusu bado, anatazama pia.

Mzee Mwishehe alikuwa na kufuli mkononi. Alipomwona Apolonia, alilishusha.

"Mwanangu, nisamehe."

"Hujanikosea, baba. Safari njema."

Gaudens akampa mzee mkono, akamwuliza mikorosho ni mingapi, mzee akasema ni mingi ila imezeeka kama yeye. Dalali akasema jamani jua. Mzee Mwishehe akaugeukia mlango, akauvuta, ukalia, akatia kufuli kwenye komeo lakini hakulibana.

Bi Mwajabu alikuwa ametoka. Alisimama kizingitini kwake, khanga safari hii kaifunga vizuri, na alikuwa hana ukili mkononi.

"Unaondoka kama mwizi, Mwishehe? Hata kuniaga?"

"Nilikuwa nakuja kukuaga. Nimefunga kwanza."

"Umefunga nini? Ulinikabidhi swali mbele ya mjumbe. Mjumbe yuko wapi?"

"Nipo hapa, mama," alisema Mwinjuma kutoka juu ya pikapu, kamba kaishikilia mkononi.

"Shuka basi. Mambo hayashuhudiwi kutoka juu ya gari."

Mwinjuma akashuka. Mzee Mwishehe alivua kofia, akaikunja, akaishika kwa mikono miwili.

"Sitaki kukuuliza tena, Bi Mwajabu," alisema polepole. "Nilikosea kukuuliza vile."

"Niulize. Desturi ni desturi. Niulize kama ulivyoniuliza, asikie."

Hakuna aliyesogea. Hata dalali aliacha saa yake, ingawa hakujua ni kwa nini. Apolonia aliutafuta mkono wa mumewe.

"Bi Mwajabu," alisema Mzee Mwishehe. "Mbele ya mjumbe. Nyumba yangu naiuza. Unaitaka, au unaiachia?"

Bi Mwajabu aliutazama ule mlango wenye kufuli, kwa muda mrefu kiasi cha mtu kuingia, kuzunguka vyumba vyote na kutoka.

"Naiachia," alisema.